Hadithi za Anansi na Watu wa Jamaika

Kwa miaka mingi nimesimama mbele ya wanafunzi na kuwaambia kwamba fasihi ni kioo cha jamii. Maneno haya niliyapokea kwa walimu wangu, nao waliyapokea kwa walimu wao, na sidhani kama yuko mwanafunzi wa Kiswahili aliyemaliza masomo ya sekondari bila ya kuyaandika katika daftari lake. Ni maneno mepesi kukumbuka, nayo hujibu maswali mengi ya mtihani. Lakini mwaka mmoja, tulipokuwa tukisoma hadithi za wanyama wajanja na kumlinganisha Sungura wetu na wenziwe wa ng'ambo, mwanafunzi mmoja aliniletea insha juu ya Anansi, buibui wa Jamaika. Alikuwa amesoma kwa bidii. Akamaliza kwa kusema kwamba, maadamu hadithi ni kioo cha jamii, na maadamu Anansi ni mvivu, mwongo, mlafi na mwizi, basi yatupasa kukubali kuwa watu wa Jamaika ni wavivu, waongo, walafi na wezi. Nilishika kalamu nyekundu nikataka kumkosoa, nikakwama. Hoja yake ilikuwa imefuatana vizuri, neno kwa neno. Kasoro ilikuwa katika msingi wake, na msingi huo nilikuwa nimempa mimi.

Katika insha hii nataka kuuchunguza msingi huo kwa kutumia hadithi zile zile. Swali langu ni hili: hadithi za Anansi zatueleza nini kwa haki juu ya watu waliozisimulia, na ni wapi zatupotosha? Na zikitupotosha, je, kosa ni la hadithi, au ni la waliozipeleka kitabuni, au ni letu sisi tuzisomazo?

Kwanza tumjue mwenyewe. Anansi ni neno la Kitwi, na maana yake ni buibui tu. Waashanti na jamaa zao wengine wa kabila la Waakan, katika nchi ambayo leo ni Ghana, humwita Kwaku Ananse; na Kwaku ni jina apewalo mtoto mwanamume aliyezaliwa siku ya Jumatano. Ngano zao zote huitwa maneno ya Ananse, hata zile ambazo yeye hamo. Desturi hii ilivuka bahari bila kuguswa. Katika Jamaika vilevile ngano yoyote ya kale yaweza kuitwa hadithi ya Anansi, iwe ya buibui, au ya mfalme na binti zake, au ya kijana Jack aliyetoka katika ngano za Waingereza.

Waingereza waliinyang'anya Jamaika kutoka kwa Wahispania mwaka 1655, na tangu hapo mpaka biashara ya watumwa ilipokatazwa mwaka 1807 merikebu zao zilishusha huko mamia ya maelfu ya Waafrika ili wakalime miwa. Wengi miongoni mwao walitoka Pwani ya Dhahabu, na lugha na majina ya Kiakan yalitia mizizi mapema katika kisiwa. Kojo wa Jumatatu akawa Cudjoe katika madaftari ya wenye mashamba, Kofi wa Ijumaa akawa Cuffee, Kwasi wa Jumapili akawa Quashie. Namwomba msomaji alishike jina hili la Quashie, maana nitalirudia.

Sasa tutazame jambo moja ambalo kwa maoni yangu ni la thamani kuliko yote mengine, nalo ni lile lililobadilika njiani. R. S. Rattray, Mwingereza aliyekuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni na mchunguzi wa mila za Waashanti, alichapisha ngano za Waakan mwaka 1930. Mojawapo yaeleza jinsi hadithi zilivyopata kuitwa za buibui. Hapo zamani hadithi zote zilikuwa mali ya Nyame, Mungu wa mbinguni. Anansi alikwenda kuzinunua, akatajiwa bei: amlete chatu Onini, chui Osebo, mavu waitwao Mmoboro, na Mmoatia, kiumbe wa ajabu wa mwituni. Wafalme na miji mikubwa walikuwa wameshindwa kulipa bei hiyo. Anansi akalipa yote. Lakini hakulipa kwa akili zake peke yake: mara nyingi alipotaka kumnasa mmoja, alirudi nyumbani akashauriana na mkewe Aso, na Aso ndiye aliyemwonyesha hila ya kutumia. Alipofika mbele ya Nyame na mateka wake, Nyame aliwakusanya wakuu wake, akamsifu Anansi mbele yao, akamkabidhi hadithi.

Mwaka 1954 Philip Sherlock, msomi wa Jamaika, alichapisha kitabu cha hadithi za Anansi kwa ajili ya watoto. Humo mna hadithi ya asili hiyo hiyo. Lakini Nyame hayumo. Mwenye hadithi ni Tiger, yaani chui milia, mkubwa wa msitu. Na bei ni moja tu: Anansi amlete nyoka akiwa hai. Anansi anamhadaa nyoka ajinyoshe kando ya mwanzi ili apimwe urefu, kisha anamfunga kwenye mwanzi huo. Aso naye hayumo. Buibui yuko peke yake.

Mtu aweza kusema kwamba Sherlock alikuwa akiwaandikia watoto, na kwamba huenda aliyafupisha mambo. Ni kweli, na kitabu chake kimesafishwa kuliko hadithi zilivyokuwa vinywani mwa watu. Lakini hata katika mikusanyo ya kale ya Jamaika, iliyoandikwa kwa kuwasikiliza wasimulizi wa vijijini, Nyame hasikiki. Pale ambapo Mwashanti alimwona Mungu akikaa juu ya kiti chake, Mjamaika alimwona mnyama mwenye nguvu. Bei haikutoka tena kwa aliye na haki ya kuitaja; ilitajwa na mwenye meno. Hapa hadithi yasema kweli juu ya historia, kweli ambayo hakuna hati ya mwenye shamba ingaliweza kuisema: kwamba watu hawa walihamishwa kutoka dunia yenye amri iliyo halali, wakatiwa katika dunia yenye nguvu tu.

Na huyo Tiger ni ushahidi wa namna nyingine. Mnyama huyu wa Asia hajapata kuishi mwituni Afrika wala Jamaika. Asili yake ni chui wa Waashanti, ambaye Waingereza wa pwani ya magharibi walizoea kumwita kwa jina la chui milia. Watumwa walipoifanya lugha ya Kiingereza kuwa yao walilipokea jina hilo, na vizazi vya watoto wa Jamaika vimekua vikimwogopa na kumcheka mnyama ambaye hakuna babu yao aliyemwona. Anayetaka kujua wanyama wa Jamaika kwa kusoma hadithi za Jamaika atapotea katika sentensi ya kwanza. Nalitaja hili kwa kuwa ni dogo na halimuudhi mtu. Upotofu mwingine ni mzito zaidi.

Hadithi hizi zilifikaje kitabuni? Miongoni mwa watu wa kwanza kuziandika alikuwa Matthew Gregory Lewis, mtunzi wa riwaya wa Uingereza, aliyerithi mashamba mawili ya miwa pamoja na watumwa wake. Alikwenda kuyatazama mwaka 1816 na tena mwaka 1818, akafa kwa homa baharini alipokuwa akirudi kwao. Shajara yake ilichapishwa mwaka 1834, na ndani yake ameeleza jinsi watumwa walivyopenda hadithi walizoziita za Nancy, akaziandika baadhi. Lewis hakuwa bwana mkatili kwa kipimo cha siku zile. Alikataza mjeledi katika mashamba yake. Hata hivyo tusisahau kwamba aliyekuwa akisikiliza alikuwa mwenye mali, na aliyekuwa akisimulia alikuwa sehemu ya mali hiyo. Mtumwa mwenye busara hachagui hadithi ovyo mbele ya bwana wake.

Baadaye walikuja wengine. Mwaka 1890 kilitoka kitabu cha Mary Pamela Milne-Home, ambacho jina lake lenyewe laziita hadithi hizi kuwa za yaya Mweusi. Mwaka 1899 Pamela Colman Smith alitoa kitabu chake cha hadithi za Anansi pamoja na picha alizozichora mwenyewe. Huyu ndiye aliyechora baadaye, mwaka 1909, karata za kupigia ramli ambazo sasa zajulikana dunia nzima. Katika vitabu vya namna hii Anansi amekwisha kuingia chumba cha watoto, na watu wazima waliomsimulia wametoka nje. Msomaji ataona hadithi za kulaza watoto, asijue kwamba kule kwao zilisimuliwa pia katika mikesha ya matanga, wakati jamaa na jirani walipokusanyika usiku kwa kuimba, kutega vitendawili na kusimulia, mpaka usiku wa tisa baada ya kifo. Zilikuwa hadithi za usiku. Ilihesabiwa kuwa ni mkosi kuzisimulia mchana. Kicheko kile kilichekwa karibu na kifo, na hili laibadilisha maana yake.

Mwaka 1907 Chama cha Ngano cha London kilichapisha kitabu cha Walter Jekyll, Mwingereza aliyehamia Jamaika akaishi milimani. Yeye aliandika hadithi katika lugha ya wenyeji iitwayo Patwa, akazitia na nyimbo zake pamoja na noti za muziki. Na huyu huyu ndiye aliyemtia moyo kijana Claude McKay kutunga mashairi kwa Patwa. Kwetu sisi wasomi wa Kiswahili kitabu hiki kina jambo la kutugusa, kwa kuwa utangulizi wake uliandikwa na Bibi Alice Werner. Ndiye yule aliyekuwa baadaye profesa wa Kiswahili na lugha za Kibantu katika London, ambaye jina lake laonekana pamoja na la William Hichens juu ya chapa ya Utendi wa Mwana Kupona ya mwaka 1934. Bibi Werner alizilinganisha hadithi za Jamaika na hadithi za Afrika, akaonyesha kwamba nyingine jamaa zake wako mbali na nchi ya Waashanti, hata katika nchi za Kibantu.

Laiti wengi wangalimsikiliza. Jina la Anansi limetufanya tudhani kwamba utamaduni wa Jamaika ni wa Kiakan kutoka juu hata chini. Sivyo. Katika miaka ya mwisho ya biashara ya watumwa wengi walitoka kwa Waigbo na majirani zao, na wengi katika nchi za Kongo na Angola. Na hata baada ya utumwa kukomeshwa, kati ya miaka ya 1840 na 1860, Waafrika maelfu waliletwa kama vibarua wa mkataba. Ibada ya Kumina, iliyoota mizizi sana katika wilaya ya St. Thomas mashariki ya kisiwa, ina maneno ya Kikongo mpaka leo. Watu hawa wote walikuwa na hadithi zao. Ziliingia katika kapu moja, na juu ya kapu likaandikwa jina la buibui wa Ashanti. Jina likawa kama mwenye nyumba anayepokea wageni na kuwavika nguo zake. Mtu akipita nje huona familia moja.

Martha Warren Beckwith, Mmarekani, ndiye aliyefanya kazi kwa utaratibu kupita wote waliomtangulia. Alizunguka vijiji vya Jamaika baada ya Vita Kuu ya kwanza, na mwaka 1924 akachapisha mkusanyo mkubwa, akitaja chini ya kila hadithi jina la msimulizi na mahali. Jambo hili laonekana dogo. Lakini kwa mwanahistoria, hadithi yenye jina la aliyeisimulia ni ushahidi. Isiyo na jina ni uvumi wa kabila zima, na uvumi wa kabila zima ndio ule unaozaa hukumu kama ya mwanafunzi wangu.

Nisije nikaonekana kama ninayesema kwamba hadithi hizi hazina ukweli wowote. Zina ukweli mwingi, na hasa juu ya chakula. Hebu tuitazame ile ya ndizi. Anansi ametafuta chakula siku nzima asipate. Mwishowe anarudi na ndizi nne za kupika. Nyumbani wako watu watano: yeye, mkewe na watoto watatu. Ndizi zinaokwa, Anansi anazigawa: moja kwa mama, moja moja kwa kila mtoto, naye anabaki mikono mitupu. Anakaa kando amejiinamia, anasema kwamba hana haja, mradi wao washibe. Mtoto mdogo anamhurumia, anakata ndizi yake katikati na kumpa baba nusu. Wa pili anafanya vivyo hivyo, na wa tatu, na mama. Kila mmoja amekula nusu ya ndizi. Anansi amekula mbili.

Sijui mahali pengine ambapo hesabu imefanywa kuwa chungu na ya kuchekesha namna hii. Msikilizaji anacheka, kisha anajikuta akihesabu. Lakini hesabu hii ina historia yake. Wenye mashamba wa Jamaika hawakuwalisha watumwa wao kwa ukamilifu. Waliwapa vipande vya ardhi, aghalabu milimani, ili wajilimie viazi vikuu na ndizi katika siku chache walizoachiwa, huku vyakula vingine vikiletwa kwa merikebu kutoka Amerika ya Kaskazini. Vita vya uhuru wa Marekani vilipoikatiza biashara hiyo, na tufani zikafuatana kuharibu migomba, Baraza la Jamaika lenyewe lilikadiria kwamba watumwa 15,000 walikufa kwa njaa na kwa maradhi yaliyoletwa na njaa kati ya mwaka 1780 na 1787. Watu walioishi katika nchi ya namna hiyo walijua thamani ya nusu ya ndizi. Walijua pia kwamba njaa humfanya mtu amhadae hata mwanawe. Hadithi haimsifu Anansi kwa hilo, wala haimlaani. Yaweka ndizi mezani na kuondoka.

Iko nyingine inayosimuliwa pengine kupita zote. Anansi anawaambia mabinti fulani kwamba Tiger, ambaye wao wanampenda, si kitu. Alikuwa farasi wa baba yake wa kupanda. Tiger anasikia, anakuja kwa hasira kumtaka Anansi aende akakanushe maneno yake. Anansi yuko kitandani, ana homa, hawezi kutembea. Tiger yuko tayari kumbeba. Lakini mgonjwa ataanguka. Itafaa pawe na tandiko. Tena patakuwa na haja ya hatamu ya kushikia. Tena ufito wa kufukuza nzi. Basi wanafika kwa mabinti, Anansi amekaa wima juu ya mgongo wa Tiger, amevuta hatamu, anachapa.

Ni rahisi kuona kwa nini watu wa mashambani waliipenda. Msimamizi wa shamba, aliyeitwa kwao Busha, alizunguka juu ya farasi, na wao walikuwa chini katika miwa. Katika hadithi walimwona aliye dogo kuliko wote amepanda, na mwenye nguvu amefungwa lijamu. Wasomi wengi wa siku hizi, na miongoni mwao Emily Zobel Marshall katika kitabu chake cha mwaka 2012, wamemsoma Anansi kwa njia hii, kama upinzani wa watumwa dhidi ya mabwana. Nakubaliana nao kwa sehemu. Lakini hadithi hii haikuzaliwa Jamaika kwa ajili ya Busha. Weusi wa kusini ya Marekani waliisimulia kwa Sungura na Mbweha, na Joel Chandler Harris aliichapisha huko katika kitabu chake cha kwanza cha ngano. Tena Anansi hawahadai Tiger na wakubwa peke yao. Anamhadaa mbuzi, anamhadaa jirani maskini, anamhadaa mkewe. Katika namna moja ya hadithi ya sanamu ya lami anajifanya amekufa, anazikwa karibu na shamba, kisha usiku anatoka kaburini kula mazao ya nyumba yake, hadi anaponaswa na sanamu. Anayemfanya Anansi kuwa mpigania uhuru lazima azifiche hadithi hizi, kama vile mwanafunzi wangu alivyozificha zile nyingine. Wote wawili wanataka kioo. Wanagombea tu sura itakayoonekana ndani yake.

Hapa ndipo upotofu mkubwa unapoanza. Tuseme mtu anazo hadithi za Anansi tu, hana kitabu kingine chochote cha historia ya Jamaika. Atajua nini? Atajua kwamba wadogo waliishi kwa hila, kwamba hawakusimama kamwe uso kwa uso na mwenye nguvu, na kwamba kila waliposhikwa walikimbilia darini, kama buibui afanyavyo mpaka leo. Hatajua kwamba Jamaika ilikuwa moja ya nchi zilizowapa Waingereza taabu kubwa kabisa. Watumwa waliokimbilia milimani, ambao pwani yetu ingaliwaita watoro, walipigana hata serikali ikalazimika kufanya nao mapatano mwaka 1739. Mwaka 1760 Tacky, mtu wa Pwani ya Dhahabu, nchi ile ile ya Anansi, aliongoza uasi uliotikisa kisiwa. Wakati wa Krismasi ya mwaka 1831 makumi ya maelfu waliacha kazi na mashamba yakawaka moto. Sam Sharpe, kiongozi wao na shemasi wa Kibaptisti, alinyongwa mwaka 1832, na mwaka uliofuata Bunge la Uingereza likapitisha sheria ya kukomesha utumwa. Utumwa ulikoma kwa jina tarehe 1 Agosti 1834, na kwa kweli tarehe 1 Agosti 1838. Hata baada ya hapo, mwaka 1865, Paul Bogle na wenziwe waliinuka huko Morant Bay, na gavana Eyre akalipiza kwa kuua mamia ya watu.

Katika Anansi hakuna hata jambo moja la haya. Je, watu waliyasahau? Hawakuyasahau. Waliyaweka mahali pengine. Wana visa vya Nanny, mwanamke aliyewaongoza watoro wa milima ya mashariki. Mmoja wasema kwamba njaa ilipowazidi hata akafikiri kusalimu amri, alilala akasikia sauti za wahenga, akaamka na mbegu za maboga mfukoni, akazipanda, nazo zikazaa kwa siku chache. Kisa hiki hakichekeshi, wala hakisimuliwi kama ngano. Husimuliwa kama jambo lililotokea. Basi fasihi ya watu hawa ilikuwa na vyumba kadha wa kadha, na hila ilikaa katika chumba chake. Mgeni aliyefunguliwa chumba kimoja, labda kwa kuwa ndicho kilichokuwa salama kumfungulia, alitoka akaandika kwamba ameiona nyumba.

Nanny amenikumbusha Aso. Wanawake walikuwa ndio wengi miongoni mwa wafanya kazi wa miwa katika miaka ya mwisho ya utumwa. Waliuza mazao sokoni siku za Jumapili, na biashara ndogo ya chakula ya kisiwa ilikuwa mikononi mwao. Wao pia walikuwa wasimulizi. Lakini ndani ya hadithi mke wa Anansi ni kivuli. Huitwa Crooky, hudanganywa, hugawa nusu ya ndizi yake. Yule Aso mwenye shauri alipotelea wapi? Sipendi kudhani kwamba wanawake wa Jamaika walipungukiwa na akili kuliko wa Ashanti. Naelekea kufikiri kwamba msimulizi mwanamke hakuwa na haja ya kumtia Aso ndani ya hadithi. Aliketi mwenyewe mbele ya wasikilizaji, akimtawala Anansi kwa sauti yake.

Sasa nilirudie jina la Quashie. Edward Long, mwenye shamba na mwandishi wa historia ya Jamaika iliyochapishwa mwaka 1774, na wengi wa tabaka lake, waliwaeleza Waafrika kuwa wavivu, waongo, wezi na wapumbavu. Katika vinywa vya Wazungu Quashie, jina zuri la mtoto wa Jumapili, likawa jina la mtu wa namna hiyo, na mpaka leo katika Jamaika ni tusi. Orlando Patterson, katika kitabu chake cha mwaka 1967 juu ya jamii ya watumwa wa Jamaika, alionyesha kwamba mtumwa mara nyingi alilivaa umbo la Quashie kwa makusudi: alijifanya hakusikia, hakuelewa, hakuona, kwa kuwa mpumbavu hapewi kazi ya pili. Basi tazama jinsi mambo yalivyogongana. Sifa ambazo bwana alimsingizia mtumwa, na sifa ambazo mtumwa alimpa Anansi, zafanana kama pacha. Bwana alipozisikia hadithi alisema, "Nilijua, wao wenyewe wanakiri." Hakutambua kwamba yeye ndiye Tiger.

Jambo hili halikuishia katika karne ya 19. Katika Jamaika yenyewe limekuwako neno litokanalo na jina la Anansi, nasi twaweza kulisema uanansi, ambalo hutumiwa kulaumu ulaghai wa mfanyabiashara, wa mwanasiasa, wa kijana wa mtaani. Wako waliosema kwamba buibui huyu ndiye aliyewaharibu watoto na kwamba afaa kutolewa shuleni. Nawaelewa wazazi wanaoogopa. Lakini shutuma hii ni hoja ya mwanafunzi wangu iliyogeuzwa: yeye alisema kwamba hadithi zimetokana na tabia ya watu, hawa wasema kwamba tabia ya watu imetokana na hadithi. Hakuna anayeuliza juu ya mishahara, wala ardhi, wala jinsi watu 311,000 na zaidi walivyopewa uhuru bila shilingi moja, huku waliokuwa wakiwamiliki wao na watumwa wengine wa dola wakigawiwa paundi milioni 20 za fidia. Sisi tumesimulia hila za Abunuwasi kwa vizazi, na sijasikia mtu akimshitaki Abunuwasi kwa wizi wa bandarini.

Aliyefanya zaidi kuliko wote kumrudishia Anansi heshima yake ni Bibi Louise Bennett, aliyezaliwa mwaka 1919 na kufariki mwaka 2006. Wakati ambapo shule zilikuwa zikiwaadhibu watoto kwa kusema Patwa, yeye aliandika kwa Patwa magazetini, akachapisha hadithi za Anansi mwaka 1944 na tena mwaka 1979, akamsimamisha Anansi jukwaani na redioni. Na kila msimulizi wa kweli wa Jamaika, yeye akiwa mmoja wao, humaliza hadithi kwa maneno maalumu, ambayo wakusanyaji wa kwanza waliyaandika bila kuyafikiri sana. Humwita mtu aitwaye Jack Mandora, ambaye wengine husema ndiye bawabu wa mlango wa mbinguni, na kumwambia kwamba yeye msimulizi hakuchagua lolote katika hayo. Yaani hakuyatunga, hayamhusu, asihesabiwe dhambi. Rattray ameandika kwamba Mwashanti naye, kabla ya kuanza, hutangaza kuwa hayo atakayoyasema hamaanishi kwamba ni ya kweli.

Kwa hiyo mwanzoni, kule Ashanti, na mwishoni, kule Jamaika, yuko mtu anayekana mbele ya watu kwamba hadithi yake ni kioo. Nilikuwa nimeyasoma maneno hayo mara nyingi nikiyaona kama pambo, kama paukwa na pakawa yetu. Nilimwita yule mwanafunzi, nikamwonyesha maneno ya Jack Mandora. Aliyatazama kwa muda, kisha akaniuliza kama ajibu hivyo katika mtihani. Nikamwambia ajibu hivyo, na mtahini akiwa ni mimi, atapata alama zake.